Betri Iliyoshiba Chini ya Kitanda cha Mke Wangu

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kulisha betri. Kampuni ya shaba ilikuwa na chumba kirefu huko Panda, mtaa wa mji wetu wa Likasi, kimejaa betri za risasi za vile vichwa vidogo vya treni vinavyovuta mawe chini ya ardhi. Mimi na wenzangu tulizitia umeme, tukapima asidi yake, tukaziongezea maji safi kama watu wanaomwagilia mboga. Tulikuwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: betri inayochemka ndani na kutoa sauti ya shii ni betri iliyoshiba. Ukiisikia, unavuta swichi, unanawa mikono, unakwenda kula bukari, ugali wetu. Nilipostaafu kampuni ilinipa cheti, na cheti kile kilinidhuru kuliko asidi. Kilinifanya niamini kwamba hakuna betri duniani inayoweza kunifundisha jambo.

Mke wangu ana pumu. Daktari alimpa mashine ndogo inayogeuza dawa kuwa mvuke, akamwambia asilale tena mahali pasipo na umeme, kwa maana kifua chake hupenda kufunga alfajiri. Mke wangu alikubali bila ubishi, lakini nilimwona akigeuka na kutazama dirishani. Dada yake mkubwa anakaa kando ya ziwa Tshangalele, katika kijiji cha wavuvi. Maji ya ziwa lile yanazungusha mitambo ya umeme, na umeme wenyewe unapita juu ya vichwa vya wanakijiji kwenye nguzo kubwa, ukienda kwa watu wengine.

Basi shemeji yangu, mume wa yule dada, akafariki. Upande wao wana desturi ya kumaliza kilio. Zile siku tatu za mwisho, mjane halali chumbani alimolala na marehemu. Analala mahali pengine, na anayelala naye ni mdogo wake wa tumbo moja, si jirani, si binti, si mke wa kaka. Asubuhi baada ya usiku wa tatu wanamwosha, anavua nguo nyeusi, mambo yanakwisha. Yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu, alikuwa na mdogo mmoja tu aliye hai, naye ni mke wangu.

Alipiga simu miezi mitatu kabla ya siku hizo. Sauti yake haihitaji simu, niliisikia toka upande wa pili wa meza.

“Mudogo yangu, utakuya kulala ao hautakuya?”

“Yaya, kifua. Daktari alisema courant.”

“Minye siko na courant. Niko na samaki na kilio.”

Hapo ndipo nilipoingilia. Nilisema, bila kuulizwa, kwamba nitalitengeneza kombi letu la zamani, lile lililokuwa likibeba kwaya ya parokia. Nitatoa viti, nitaweka kitanda, taa, feni na betri kubwa ya kuendesha mashine ya dawa usiku kucha. Tutaliegesha uani kwa Yaya, nao wawili watalala humo. Yaya akauliza kama kombi lina mlango. Nikasema lina mlango.

“Inafungika?”

“Inafungika, Yaya.”

“Kama iko na mulango na inafungika, ni nyumba. Nitauliza bazee.” Wazee wakakubali. Mzee mmoja alitaka tu kujua kama wimbo wa kwaya umebaki ndani.

Kitanda, taa na mapazia nilivimaliza katika wiki mbili, na sifa nilizopewa mtaani zilinipanda kichwani. Ilibaki betri.

Katikati ya mji kuna mfanyabiashara anayeuza vifaa vya umeme wa jua, mtu wa kutoka mashariki, Mwislamu mpole mwenye kofia nyeupe na subira ya mshona nguo. Aliniwekea juu ya kaunta betri ya lithiamu iliyokamilika, nyepesi, imefungwa vizuri kama zawadi.

“Mzee wangu, hii unaweka, unasahau. Ndani ina kadi ya ulinzi. Ikijaa, inajifunga yenyewe. Ikiwa moto, inajifunga yenyewe.”

“Kazi ile nilikuwa nafanya minye,” nikamwambia. “Minye njo nilikuwa kadi.”

Akacheka kwa adabu. Nikamuuliza swali ambalo kila mtu wa Likasi angeuliza.

“Ndani iko na kobalti?”

“Haina, mzee. Hii ni ya chuma na fosfati.”

Msomaji wa mbali anivumilie hapa. Sisi tumezaliwa juu ya kobalti. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kuifanyia kazi kampuni, na hadi leo, ukienda Kamatanda, utaona watu wametoboa ardhi kama jibini la wazungu wakiitafuta. Inapakiwa kwenye malori, inavuka mpaka, inapanda meli, inarudi ndani ya simu. Na huyu ananiuzia betri ya chuma!

“Chuma!” nikasema kwa sauti ya kuwafikia wateja wengine. “Hapa Likasi? Unataka niweke chuma mu kombi yangu, batu bote bacheke?”

“Mzee, ile ya kobalti ina nguvu, kweli, lakini inashika moto haraka.”

“Hata siye tunashika moto haraka.”

Wateja walicheka, na mimi nikaona nimeshinda. Yule mtu hakukasirika. Akanionyesha njia ya kati: seli mpya za chuma, zile zinazouzwa moja moja, pamoja na kadi ya ulinzi. Kama mikono yangu inawasha, nijijengee mwenyewe, naye atanichorea jinsi ya kuziunga. Leo ninajua kwamba ile ilikuwa njia nzuri kwa mtu wa aina yangu. Kujenga hakukuwa kosa. Wapo mafundi wanaojenga betri nzuri kuliko za dukani, kwa sababu wanajua wanachokiunga. Kosa langu lilikuwa kuchagua kitu nisichokijua, ili mradi kiwe na kobalti ndani. Nilimuaga yule mtu wa watu, nikaenda kwa warekebishaji wa kompyuta.

Walinipa betri za kompyuta zilizokufa, kwa furaha ya watu wanaoondolewa takataka. Nilizipasua mezani, nikatoa zile seli ndogo za mviringo zinazofanana na risasi za bunduki, nikazipima moja moja, nzima kushoto, mbovu kulia. Mke wangu alikosa meza ya kulia kwa miezi miwili. Nilizipanga makundi matatu. Hesabu yangu ilikuwa hii: kila seli inashika karibu volti nne, tatu mara nne ni kumi na mbili, na gari ni la kumi na mbili. Hesabu nzuri kabisa ya darasa la tatu. Nikaziunga kwa vipande vya shaba nilivyovikata na kuvisugua mpaka vikang'aa, nikazitia kwenye sanduku la mbao lenye mpini. Lilikuwa sanduku zuri. Ninalisema hili kwa sababu ni kitu pekee katika habari hii ninachoweza kujisifia.

“Na ile kadi?” mke wangu akauliza. Alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, hana pa kuiweka.

“Kadi gani?”

“Ile ulisema muntu wa boutique alisema inafunga.”

“Mama, miaka yote kule Panda, uliona kadi?”

“Niliona suruali yako na matundu ya asidi.”

Nilimjaribishia. Niliitia umeme hapo mezani, nimekaa na kipimio changu mkononi, na ilipofika kiwango nilichokitaka nikachomoa waya kwa mkono. Tukaiwasha mashine ya dawa, ikanguruma vizuri hadi mke wangu alipomaliza kusoma gazeti zima la parokia. Nilimtazama kama mtu anayengoja makofi. Alisema, “Kweli inatembea.” Kwa mke wangu hayo ni makofi.

Nilichosahau ni kwamba njiani sitakuwa nimekaa na kipimio. Nilivuta waya mnene kutoka kwenye mtambo wa kuchaji wa gari hadi kwenye sanduku chini ya kitanda, ili betri iwe inakula njiani na ifike imenona. Mtambo wa gari umezoea betri ya risasi. Unasukuma volti kumi na nne na zaidi, na betri ya risasi ikishiba inachemka tu kidogo, haina neno. Zile seli za kompyuta hazikutaka hata kumi na tatu. Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba injini inanguruma na kwamba mimi ni fundi.

Tulifika kijijini mchana, baada ya zaidi ya saa mbili za mavumbi. Ilikuwa siku ya kwanza kati ya zile tatu. Yaya alikuwa ameketi uani katika nguo yake nyeusi, kando ya majiko yake ya kukaushia samaki. Amefanya kazi ile tangu ujana na macho yake mekundu daima, hujui kama amelia au amefungua jiko. Mke wangu alimkimbilia. Wanawake wa kijiji walilia kidogo kama inavyotakiwa, kisha wakaja wote kuona kombi.

Sikuzima injini. Niliwaambia naiacha iongeze chakula cha usiku. Niliwafungulia mlango, nikawasha taa mchana kweupe, nikawasha feni, nikawakaribisha Yaya na mdogo wake wakae kitandani. Nikatoa hotuba. Nilieleza kobalti. Nilieleza kwamba nguvu iliyomo ndani ya sanduku lile ilitoka katika ardhi hii hii, na kwamba leo imerudi nyumbani kumtumikia mjane. Watu walipiga makofi. Mvuvi mmoja akauliza kama ninaweza kumtengenezea moja ya mtumbwi.

Katikati ya hotuba mke wangu akaniita.

“Papa, kitanda inalia.”

Nikatega sikio. Chini ya godoro kulikuwa na sauti ndogo, shiii, shiii. Nilitabasamu. Ninakiri kwamba nilitabasamu.

“Imeshiba,” nikawaambia watu. “Njo sauti ya kushiba. Hata mutoto akishiba anacheua.”

“Papa, inakuwa na moto hapa chini.”

“Ni muzuri kwa kifua.”

Neno hilo nimelala nalo tangu siku ile. Mwanamke mwenye pumu, mwanamke niliyemwoa kanisani, ananiambia kitanda kinapata moto, nami namjibu kama mganga wa sokoni. Moshi mwembamba ulianza kutoka chini ya pazia. Na katika kijiji kile, moshi si habari. Uani pale palikuwa na majiko matano yanayofuka. Mama mmoja aliyekuwa nyuma, asiyeona vizuri, akauliza kwa heshima zote:

“Muzee, unakausha samaki gani mule?”

Aliyejua alikuwa Yaya. Alinyanyua pua mara moja tu, kama mtu aliyeitwa jina lake.

“Hii moshi haina ya kintu ya kula,” akasema. “Mudogo, toka.”

Nikaanza kumweleza kwamba betri inayochemka... Hakuningoja. Alimshika mke wangu mkono, akamvuta nje kama anavyovuta wavu, na kwa mkono wa pili akanyakua mashine ya dawa. Mjane wa umri ule, ndani ya nguo za kilio! Miguu yao ilipogusa mchanga, sanduku langu zuri likaanza kupasuka, pa, pa, papapa, kama mahindi kwenye kikaango, na moto mweupe ukatoka chini ya godoro.

Nami niliingia ndani kuokoa. Ningependa kuandika kwamba nilizima injini, au nilikata waya. Nilichokiokoa kwanza kilikuwa kipimio changu cha kampuni. Nilitoka nacho nimekiinua juu, watu wote wakanitazama, hata mimi nikajitazama.

Wavuvi ndio waliofanya kazi. Mmoja alizima injini, wengine wakalivuta sanduku nje kwa ndoano ndefu za mitumbwi, wakalifukia kwa mchanga hadi likawa kama kaburi dogo, nalo bado linapasuka chini kwa chini. Mmoja alitaka kulitupa ziwani. Yaya akamfokea: samaki wamemkosea nini? Godoro liliungua, mapazia yaliungua, sakafu ya kombi ikapata tundu la kupitisha ndoo. Injini ilikuwa nzima.

Mke wangu alikuwa ameketi mbali, upande upepo unakotoka, anakohoa. Alivuta dawa ya mfukoni mara moja, akangoja, akavuta tena. Nilipiga magoti mbele yake, na kipimio bado mkononi.

“Unaona je, Mama?”

Alivuta pumzi kwanza. “Naona iliiva.”

Alikuwa mzima. Lakini kifua chake kilikuwa kimeguswa na moshi ule mbaya, mashine ilikuwepo na umeme haukuwepo, na usiku ulikuwa unakuja. Hakukuwa na la kujadili. Yaya mwenyewe ndiye aliyesema turudi Likasi kabla jua halijashuka. Nikamwambia nitaomba mmoja wa majirani alale naye, angalau usiku huu. Alinitazama kama nimesema nimletee marehemu mwingine.

“Weye, bwana ya mudogo yangu,” akasema, “ile nafasi haina ya jirani.”

Alisimama uani akitupungia mkono. Kwenye kioo cha gari nilimwona akirudi peke yake.

Tukashika njia ya kurudi. Tulipita na tundu letu la sakafuni, mavumbi yakitufuata hadi ndani, mke wangu kajifunika kitambaa puani. Karibu na mji akasema, bila hasira, “Kesho asubuhi utaenda kwa ule muntu wa boutique. Hautamwambia habari ya kobalti.”

“Sitamwambia.”

“Hautamwambia kitu. Utasema jambo, utasema batri, utasema asante.”

Nilifika kabla hajafungua. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi, nyusi moja imeungua. Mfanyabiashara yule aliitazama nyusi, akatazama viatu vyangu, akafungua mlango bila kusema lolote. Sijawahi kumshukuru mtu kwa kimya kama nilivyomshukuru yeye. Alinipa betri ile ile ya chuma, akanipa na chaja yake, na kisanduku kidogo cha kukaa kati ya gari na betri ili gari lisiisukume kupita kiasi. Alinichorea waya zote kwenye karatasi. Safari hii nilimwambia arudie.

“Ikijaa itafanya sauti gani?” nikamuuliza.

“Hakuna, mzee. Itanyamaza.”

Niliziba tundu kwa bati, nikaazima godoro, nikafuata karatasi waya kwa waya. Alasiri tulikuwa tena ziwani. Betri niliiweka nyuma ya kiti cha dereva, mbali na kitanda, na kila baada ya muda nilisimamisha gari nikaishika kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa. Haikuwa na homa. Mke wangu alihesabu nilivyosimama, akaacha kuhesabu.

Usiku wa pili wao wawili walilala ndani ya kombi, mlango umefungwa. Mimi nilipewa mkeka kando ya majiko ya samaki, na hakuna aliyeniomba radhi. Alfajiri niliisikia mashine ya dawa ikinguruma, kisha ikanyamaza, kisha nikasikia dada wawili wakicheka kitu nisichokijua. Usiku wa tatu ulikuwa vilevile.

Asubuhi ya mwisho wanawake walimwosha Yaya, akatoka na kitenge kipya cha kijani. Kabla ya chakula, upande wao huwa wanauliza kama kuna mtu mwenye neno kwa mjane, alitoe sasa, kwa kuwa baada ya pale kilio kimefungwa na halitasikilizwa. Mmoja alisema alimsema vibaya marehemu juu ya nyavu. Mwingine alisema hakuja mazishini. Nilitazama chini. Mke wangu hakunigusa, hakunikonyeza. Nikasimama.

“Yaya, ni minye nilikunyima usiku wa kwanza. Batri nzuri nilionyeshwa, nikaikataa juu ya kujivuna. Mudogo yako aliniuliza, nikamucheka. Aliniambia kitanda iko moto, nikamwambia ni dawa.”

Watu walicheka hapo kwenye dawa, nami niliwaacha wacheke. Yaya hakucheka. Alingoja nyuso zote zitulie.

“Ule usiku, kule Likasi,” akasema, “ulilala?”

Ningeweza kusema sikulala. Ndilo jibu alilostahili, na wote pale walikuwa wananiombea nilitoe. Lakini nilikuwa nimechoka na moto na safari, na kitanda changu cha nyumbani ni kizuri, na nililala hadi kulipokucha.

“Nililala, Yaya.”

“Minye sikulala,” akasema.

Kisha akaomba maji ya kunawa, akaniambia nikae, chakula kinapoa.